Orodha ya Abiria na Heshima ya Taasisi

Taaluma ya uhusiano wa umma hufundisha kuwa wakati wa msiba taasisi huaminiwa kwa ukweli wa taarifa zake. Hata hivyo, ukweli huo huandaliwa kabla ya msiba. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hivyo hata msemaji mwaminifu hakuweza kutaja idadi yao kwa yakini. Sisi wa Kalemie, tulioomboleza watu wasiopungua 129 wa MV Mutambala, iliyozama katika Ziwa Tanganyika Desemba 2014, twajua uzito wa jambo hilo. Pasipo orodha, neno “takriban” hushika nafasi ya majina, na uvumi hushika nafasi ya taarifa. Kwa hiyo maadili ya msemaji yaanzie bandarini: adai kila abiria aandikwe kabla ya safari.