Kichocheo Kilichogoma Kula

Jambo moja limenikaa kichwani wiki nzima: kichocheo kilichowekewa chakula chake, kikakiacha.

Chukua chombo kimoja. Tia kaprolaktoni na epoksaidi, molekuli mbili ndogo zenye umbo la pete, tia kichocheo chenye atomi 2 za zinki, kisha jaza hewa ukaa. Isingekuwepo hewa hiyo, kichocheo kingeivamia kaprolaktoni. Sasa kinaipita kama haipo. Kinadaka epoksaidi, kinadaka hewa ukaa, epoksaidi tena, hewa ukaa tena, na mnyororo wa polikaboneti unarefuka. Iondoe hewa ukaa, usiongeze kitu kingine, na mnyororo uleule unaendelea kwa kaprolaktoni. Ni kama mtunga shanga mwenye sinia lililochanganyika, anayeokota nyekundu tupu hadi dirisha lifunguliwe, ndipo ageukie nyeupe.

Swichi iko wapi? Charlotte Williams, mkemia aliyeonyesha jambo hili mwaka 2014 pamoja na Charles Romain wakiwa Imperial College London, anatuelekeza kwenye ncha ya mnyororo, pale unaposhikana na zinki. Epoksaidi ikifunguka huacha ncha ya oksijeni yenye uchu, inayoweza kupasua pete ya kaprolaktoni. Lakini hewa ukaa huwahi. Hujipachika hapo hapo, na ncha inageuka ya kaboneti. Ncha hiyo haina ubavu wa kuifungua kaprolaktoni, ila epoksaidi inaiweza. Kumbe hakukuwa na mgomo. Kaprolaktoni ilikuwa inawahiwa, kila mara.

Mwaka 2020 timu ya Williams, sasa ikiwa Oxford, iliugeuza mchezo kwa kutumia dekalaktoni, ndugu wa kaprolaktoni: walianza na sehemu laini ya kati, kisha wakaingiza hewa ukaa, na ncha zote mbili zikaota ugumu wa polikaboneti. Polikaboneti ya aina ile ikiwa peke yake huvunjika upesi. Ikiungwa hivyo, kwa kubadili tu vipimo vya laini na ngumu, walipata gundi, kitu kinachovutika kama mpira, na plastiki ngumu isiyokatika ovyo.

Hayo ni ya maabara, ambako chombo hushikika mkononi. Ndani ya tangi la kiwanda, polima ikishakuwa nzito kama asali, hewa ukaa itatoka kwa kasi gani ili minyororo yote igeuke pamoja? Na ile iliyo katikati, ambayo habari zitaifikia mwisho, itakuwa imetunga nini?