Mkoromo Unaovuka Ukuta

Msasani ya uswahilini nyumba zimebanana, na mkoromo wa mpangaji wa chumba cha tatu ni mali ya wote. Asubuhi tukisubiri zamu ya bafu tunamtania: “Mzee, jana umewasha trekta!” Naye anacheka. Mkewe hacheki. Kinachomtisha yeye ni kimya: trekta linazimika ghafla, kifua kinahangaika bila hewa kupita, anahesabu hadi ishirini, kisha mzee anashtuka kama mzamiaji aliyeibuka. Mtaani husema kakabwa na jinamizi.

Madaktari huiita hali hiyo apinea ya usingizi. Mtu akilala misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa huziba. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa. Ikifika mara 30 kwa saa, hali ni mbaya. Piga hesabu ya saa saba za kulala uone.

Kila inapokatika, oksijeni hushuka, ubongo hushtuka, presha huruka. Usiku wa kawaida presha hupungua kwa asilimia 10 hadi 20, moyo ukapumua kidogo. Moyo wa mzee huyu uko kazini hadi alfajiri. Ndiyo maana wapo wanaomeza dawa tatu za presha na kipimo hakishuki, halafu wanashukiwa kuruka dozi.

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisizibe. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Inapunguza usingizi wa mchana unaoletwa na usiku wa kushtukashtuka, na kushusha presha kidogo. Ila tusiipambe. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2016, wa watu 2,717 waliokwishaugua moyo au mishipa ya ubongo, haukuona mashine ikipunguza shambulio la moyo wala kiharusi. Lakini waliopewa mashine waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Nani analala kwa saa tatu tu?

Na mashine inataka umeme. Ukikatika, upande wa Masaki jenereta zinaunguruma. Huku kwetu feni ikizima tunaamka wote. Yapo mambo yasiyohitaji umeme wa luku: kulala ubavu, kupunguza kitambi, kuacha bia za usiku zinazozidi kulegeza koo. Hayo hayamtoshi kila mtu, na mwenye hali mbaya asiyafanye kisingizio cha kukwepa vipimo.

Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kliniki za presha hazikauki watu. Wengi huingia kwa daktari peke yao, shahidi wa usiku kaachwa nyumbani. Jirani yangu naye alikuwa hivyo, hadi siku mkewe alipomsindikiza.

“Usingizi vipi, mzee?” daktari akauliza.

“Mzuri tu. Nalala fofofo.”

Mkewe akakohoa.