Kabureta Mpya, Ugomvi Mpya? Cheki Taimingi Kwanza!

Hivi umewahi kuona mume na mke wakinuniana kwa sababu ya kabureta? Kwetu ilitokea, na ikachukua wiki mbili. Gari lenyewe ni Land Rover 109 Series III ya petroli, urithi kutoka kwa baba mkwe. Kabureta yake ya zamani, Zenith, ilikuwa imechoka, fundi akaifungia Weber mpya. Tukasubiri raha. Badala yake gari likapoteza nguvu, likawa linachemsha, na ukikanyaga mafuta mlimani injini inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

Mume wangu akaanza kupiga hesabu za kabureta nyingine. Fedha? Ada ya mtoto! Mimi nikasema gari liuzwe. Katikati yetu yuko mama mkwe, kule Digodigo kwa Wasonjo, wilayani Ngorongoro, anayesubiri tumlete Arusha kwa daktari wa macho.

Fundi mwingine, mzee mmoja mpole, alituuliza swali moja tu: "Taimingi mliigusa?" Hakuna aliyeigusa.

Basi sikiliza, mpenzi msomaji. Taimingi ni ule wakati plagi inaporusha cheche. Petroli haiungui yote papo hapo, kwa hiyo cheche inapangwa kulingana na pistoni inapokaribia juu kabisa. Ikiwahi mno, presha inapanda kupita kiasi na injini inagonga. Ukiendelea hivyo unaweza kutoboa pistoni. Ikichelewa, nguvu inapotelea kwenye ekzosi na injini inachemka. Kabureta mpya inabadilisha uwiano wa hewa na petroli, na uwiano ukibadilika, kasi ya kuungua nayo inabadilika. Halafu kuna kale kabomba kembamba kanakotoka kwenye kabureta hadi kwenye distribyuta. Kazi yake ni kuvuta cheche iwahi unapoendesha mwendo mwepesi. Kabureta tofauti, mvuto tofauti.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili, nayo inaanzia kwenye pointi. Nafasi yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40, maana ukija kuigusa baadaye taimingi inahama. Chomoa kabomba, zibeni mdomo wake, washa injini ipate moto. Mmoja anashika taa ya taimingi iliyounganishwa na waya wa plagi namba moja na kumulika alama kwenye puli. (Dada, khanga na mtandio weka mbali na feni!) Mwingine analegeza boliti ya distribyuta na kuizungusha kidogo sana: kinyume na mzunguko wa rota unawahisha, kufuata rota unachelewesha. Kaza, rudisha kabomba, ndipo urekebishe sailensa na mchanganyiko wa kabureta. Namba ya digrii isome kwenye kitabu cha gari lako, usiazime ya jirani. Injini hizi zilitoka na migandamizo miwili, 7 kwa 1 na 8 kwa 1, na taimingi zake hazifanani.

Yetu ilikuwa imewahi mno. Taa niliishika mimi, mwenzangu akazungusha, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili tukaongea bila kukatana kauli.

Lakini mzee hakuridhika na taa peke yake. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na ina ubaridi wake. Njia yetu inapita Mto wa Mbu na Engaruka, inashuka hadi Engare Sero kando ya Ziwa Natron, kama mita 600 tu, joto kali, kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Chini kule hewa ni nzito na ya moto, hivyo injini iliyotulia Arusha inaweza kuanza kugonga pale pale mlima unapoanza. Akatuambia tubebe spana.

Kweli, kona ya tatu ya mlima, misumari ikarudi, kwa mbali. Tukasimama, tukasubiri ipoe, mume wangu akachelewesha taimingi kwa unywele mmoja, kisha akachora alama ya rangi nyeupe kwenye distribyuta. Tukapanda kimya hadi juu.

Ada ya mtoto ililipwa. Wakati wa kurudi mama mkwe alikaa mbele, mimi nikabanana na magunia nyuma.