Wadau, kunguni hawaishi kwa kupuliza dawa tu!

Leo siasa na mpira naweka pembeni. Nataka tuongelee kitu ambacho wengi tunacho ndani lakini hakuna anayekisema: KUNGUNI. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kujikuna, na mwingine amegeuka kuangalia kama jirani yake anaona anachosoma. Tulia, hauko peke yako.

Mimi yamenikuta. Mwaka jana nilihamia chumba Manzese, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja uani. Nikajipatia kitanda kilichotumika, bei poa kabisa. Wiki ya pili naamka na vipele vitatu vimejipanga mstari mkononi. Nikasema mbu hao, nikashusha chandarua. Wapi! Usiku mmoja saa tisa nikawasha tochi ya simu na kufunua shuka ghafla. Jamani! Vidudu bapa kama dengu, rangi ya kahawia iliyoiva, vinakimbilia kwenye mshono wa godoro. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka adhana ya alfajiri.

Hapo ndipo nikafanya kosa kubwa: nikanyamaza. Niliona aibu, eti watu watasema mimi mchafu. Nikanunua dawa ya kopo, nikafunga mlango, nikapuliza kimya kimya. Siku tatu amani, ya nne wamerudi. Nikamtafuta jamaa mwenye bomba la mgongoni. Nikamuuliza ni dawa gani, akajibu "ya kunguni". Chupa yenyewe haina hata karatasi ya jina. Kichwa kiliniuma siku mbili, na kunguni wakarudi tena.

KWA NINI HAWAFI?

Nilikuja kusoma, nikaelewa. Sababu ya kwanza ni mayai. Jike moja linaweza kutaga mayai 200 hadi 500 maishani mwake, na anayabandika kwenye nyufa kama amepaka gundi. Dawa nyingi haziui yai. Kwenye joto kama la Dar yanaanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Mtoto anajivua gamba mara tano (kweli kweli, sio ile ya wanasiasa) na kila mara lazima anywe damu kwanza. Kwa hiyo wale uliowaona siku ya nne walikuwepo, ila walikuwa bado mayai au wamejificha.

Sababu ya pili ni usugu. Dawa nyingi za madukani ni za jamii moja ya pairethroidi, ile ile inayowekwa kwenye vyandarua. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, mkoa wa Tanga, ukaonyesha kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua vyenye dawa wameshaanza kuizoea. Ukipuliza, wanyonge wanakufa, sugu wanabaki, na hao ndio wanaozaa. Lakini tusielewane vibaya: chandarua usiache, malaria inaua. Kunguni kwa kadiri inavyojulikana hasambazi ugonjwa. Anakunyima usingizi na kukuachia vidonda vya kujikuna.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Ukipuliza chumba kimoja, wanaopona wanahama. Hawana mabawa wala hawaruki, ila wanatembea vizuri tu. Wanapita kwenye ufa wa ukuta, kwenye tundu la waya, juu ya ukuta usiofika kwenye dari. Maana yake kila nilipopuliza kwa siri nilikuwa nawasukumia majirani, na wao wakipuliza kwa siri wananirudishia!

NIKAVUNJA UKIMYA

Jioni moja nikamfuata mama wa chumba cha tatu, yuko uani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama, samahani, chumbani kwangu kuna kunguni."

Akaniangalia, akaangua kicheko. "Mwanangu, kumbe na wewe? Mimi mwezi wa tatu huu nalala chini na wanangu, naogopa mtasema nimewaletea!"

Tukagonga vyumba vyote. Kati ya sita, vitano walikuwa nao. Wa sita alisema yeye hawashwi. Kumbe kuna watu wanaumwa na ngozi haitoi kipele, na tulipofunua godoro lake, mh! Tuliyaona madoa meusi kama ya kalamu, hicho ni kinyesi chao. Na ile harufu nzito ya uvundo.

TULICHOFANYA

Tulichagua Jumamosi, nyumba nzima siku moja. Silaha yetu kubwa ilikuwa MOTO, yaani joto. Kunguni na mayai yake hawahimili nyuzijoto 50, na hakuna usugu wa maji yanayochemka.

1. Vitanda vyote tulivifungua, tukavitoa uani. Kila chaga, kila tundu la msumari, tulimwagia maji yanayochemka kutoka kwenye birika. Watoto tuliwapeleka kwa jirani kwanza, maji ya moto hayana mchezo.

2. Shuka, mapazia na nguo tuliloweka kwenye maji ya moto sana, halafu juani. Zilizokauka tukazifunga kwenye ndoo zenye mfuniko, zisirudi chumbani kabla hapajasafishwa.

3. Magodoro tulipiga mswaki kwenye mishono, tukaanika. Jua linasaidia ila usilitegemee peke yake. Katikati ya godoro nene hapapati joto la kutosha, na wadudu wanakimbilia upande wenye kivuli. Godoro lililochanika sana tulikubaliana litupwe, na tulilichana kabisa asije mtu akaliokota.

4. Nyufa za ukuta tuliziba kwa saruji, za mbao kwa gundi na unga wa mbao.

5. Kitanda kikakaa mbali na ukuta, kila mguu ndani ya kikopo chenye maji ya sabuni, na shuka isiguse sakafu.

6. Tukarudia baada ya siku kumi, na tena baada ya kumi nyingine, ili kuwakamata walioanguliwa. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Mara moja haitoshi.

USIFANYE HIVI

Usimwage petroli wala mafuta ya taa kitandani, utachoma nyumba. Dawa ya shambani usipulize chumba cha kulala. Na wale wanaoweka vidonge vya kuhifadhia mahindi chini ya kitanda, nawaomba acheni leo. Vinatoa gesi ya fosfini, inapenya mpaka chumba cha jirani na inaua watu. Haina dawa ya kuipinga hata ukiwahi hospitali. Kama lazima utumie dawa, iwe ina lebo na iwe ya ndani ya nyumba.

Na ile habari ya uchafu tuiache. Kunguni anafuata joto la mwili na hewa tunayotoa, hata mwenye sakafu ya marumaru anatembelewa. Mwaka 2023 Ufaransa nzima ilikuwa inapiga kelele za kunguni, Paris watu wanaogopa kukaa kwenye viti vya treni na sinema, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki. Ukiwa msafi unamwona mapema tu, basi.

Kwetu sasa ni mwezi wa nne, hatujaona hata mmoja. Kitanda kilichotumika siingizi tena bila maji ya moto. Na mama wa chumba cha tatu amerudi kulala kitandani na wanawe.

Kwa hiyo mdau, leo ukitoka hapo, kabla ya kununua kopo jingine la dawa, gonga mlango wa jirani kwanza umwambie. Inawezekana na yeye anakusubiri wewe.

Haya, wenye uzoefu mwageni maoni hapo chini. Nani wa kulipia dawa, mpangaji au baba mwenye nyumba? Tujadili bila matusi. Tupo pamoja.