Je, Wajua? Praima ya Usoni: Kidogo Chatosha

Je, wajua kwamba praima nyingi zinazouzwa leo, zile za kupaka kabla ya faundesheni, ni za silikoni? Geuza chupa usome orodha ya viambato. Maneno yanayoishia na “-cone” au “-siloxane”, kama dimethicone na cyclopentasiloxane, ndiyo hayo. Orodha hupangwa kuanzia kilichotiwa kwa wingi kwenda chini, kwa hiyo mistari yake miwili ya mwanzo inakuambia mengi kuliko sifa zote zilizoandikwa mbele ya boksi.

Je, wajua kwamba dimethicone hiyohiyo ikichanganywa na silika huitwa simethicone, dawa ya gesi tumboni ambayo hata watoto wachanga hupewa kwa matone? Zipo pia dawa za chawa zinazotengenezwa kwayo. Soli za buti alizokanyagia Neil Armstrong mwezini mwaka 1969 nazo zilikuwa za mpira wa silikoni. Basi shoga yako akikuambia praima inaizuia ngozi isipumue, mjibu kwamba kupumua ni kazi ya mapafu.

Je, wajua kwamba vinyweleo vya usoni havifunguki wala havifungiki? Havina msuli wa kazi hiyo. Mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda ndani yake na maji baridi hupunguza uvimbe kwa muda, basi. Praima nayo haivipunguzi ukubwa. Inajaza vibonde vidogo vya ngozi, na chembe za duara zilizomo ndani yake hutawanya mwanga ili vivuli visionekane. Ni kiini macho, tena kizuri, ila kinakwisha ukinawa.

Je, wajua kipimo? Punje moja ya kunde, kwa uso mzima. Na huo “uso mzima” wenyewe haupo: praima inahitajika pembeni mwa pua, katikati ya paji, kidevuni na kwenye sehemu ya mashavu inayopakana na pua, kwa kuwa huko ndiko kwenye vinyweleo vikubwa na mafuta mengi. Kando ya macho na karibu na masikio, wengi hawana cha kufunika. Wapambaji wanaopaka praima kama losheni, kuanzia kipaji hadi shingoni, wanamaliza chupa ya mteja bure.

Je, wajua kwa nini praima hutoka vinongo, kama mtu aliyesuguliwa kwa dodoki? Sababu ni tatu na mara nyingi huja pamoja: imepakwa nyingi, losheni ya chini yake haijanywea, na mkono umesugua badala ya kubonyeza. Paka losheni, nenda kachague hereni, rudi. Chukua praima kwa ncha ya kidole, bonyeza na kupigapiga taratibu hadi isionekane. Kidole kinafaa kuliko brashi kwa sababu joto lake linailainisha. Kisha subiri tena dakika moja mbili. Cyclopentasiloxane ni silikoni inayoyeyuka na kupotea hewani, na hiyo subira ndiyo inayoipa nafasi ya kuondoka na kuacha utando mwembamba ulio mkavu. Ukiwahi faundesheni, unaipaka juu ya kitu ambacho bado kinateleza.

Silikoni hiyo inayoyeyuka imeleta mjadala Ulaya kwa sababu inakawia kuoza katika mazingira. Umoja wa Ulaya ulianza kuibana mwaka 2020 katika vipodozi vya kunawa na kuosha, na vile vinavyobaki mwilini, praima zikiwemo, zamu yao imepangwa mwaka 2027. Usishangae praima yako uipendayo ikibadilishwa mchanganyiko.

Je, wajua kwamba praima na faundesheni zinaweza kugombana? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua praima nzuri, ananunua faundesheni nzuri, na kufika saa tisa alasiri puani pameachana mabaka mabaka. Analaumu joto, analaumu jasho, analaumu duka. Kumbe amepaka faundesheni ya maji juu ya utando mzito wa silikoni, na maji hayashiki hapo. Kanuni inayosemwa saluni ni maji kwa maji, silikoni kwa silikoni, nayo ni ya kweli, ila usiridhike kwa kuona neno Aqua likiwa la kwanza kwenye orodha. Faundesheni nyingi huanza na Aqua halafu cha pili ni silikoni, na hizo zinaelewana vizuri na praima ya silikoni. Soma viambato vitano vya mwanzo, si kimoja.

Kama kusoma kunakuchosha, jaribu kwa mkono. Tia tone la praima na tone la faundesheni nyuma ya kiganja, changanya kwa kidole. Zikiungana zikawa rangi moja laini, ziko pamoja. Zikijikusanya vitone vitone na kuacha mistari, zirudishe kwenye mkoba, kila moja itafutiwe mwenzake.

Je, wajua kwamba kinga ya jua hutangulia praima? Tena ile namba ya SPF iliyoandikwa kwenye praima hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Punje ya kunde haifiki huko hata kidogo.

Je, wajua kwamba baadhi ya praima zinazopendeza kwenye kioo huharibu picha? Silika na titanium dioxide hurudisha mwanga wa flashi, na uso wa maji ya kunde ukatoka na ukungu wa kijivu. Bibi harusi wa Dar au Mombasa anayeingia ukumbini usiku, na simu hamsini zimemwelekea, hana haja ya kubahatisha. Apakwe siku chache kabla, azime taa, apigwe picha kwa flashi. Rangi ya praima nayo ichaguliwe: ya kijani, inayosifiwa sana mitandaoni, imekusudiwa kufuta wekundu. Kwa weusi wa chini ya macho na madoa ya chunusi kwenye ngozi yetu, rangi inayosaidia ni ya chungwa.

Na huyohuyo bibi harusi wa pwani ana jambo jingine la kumsaidia: singo. Siku za kusuguliwa singo kabla ya harusi huondoa ngozi iliyokufa, na praima hukaa vizuri hapo kuliko kwenye uso unaobanduka magamba, ambako huyaonyesha zaidi. Ila usisugue asubuhi ya siku yenyewe. Ngozi iliyotoka kusuguliwa huwasha na kuwa nyekundu.

Je, wajua kwamba praima haizuii jasho? Inachelewesha mafuta ya ngozi yasiivuruge faundesheni, hilo tu. Ukitoka jasho, kandamiza kwa tishu, usipanguse.

Je, wajua kwamba Max Factor, aliyezaliwa Poland na kuhamia Marekani, alitengeneza mwaka 1914 rangi nyepesi ya uso kwa waigizaji wa filamu kwa sababu ile nzito ya jukwaani ilikuwa inapasuka wakikunja uso mbele ya kamera? Vitukuu wake wawili, Dean na Davis Factor, walianzisha Smashbox mjini Los Angeles mwaka 1996, wakitokea kwenye studio ya picha. Bidhaa iliyoijengea jina kampuni hiyo ni praima.

Si lazima praima iandikwe praima. Mwaka 2015 mpambaji Mholanzi NikkieTutorials aliushangaza ulimwengu wa YouTube kwa kutumia dawa ya wanaume ya kupaka baada ya kunyoa ndevu. Glisirini iliyomo iliinatisha faundesheni. Mwenye ngozi kavu iliyopata losheni nzuri anaweza kuiacha praima kabisa, na hakuna atakayejua.

Je, wajua maana ya ile picha ya kikopo kidogo kilichofunuliwa kifuniko, yenye 12M, kwenye lebo? Praima itumike kwa miezi 12 tangu ulipoifungua, si tangu ulipoinunua. Praima iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na lebo haionyeshi miezi wala viambato, usiinunue. Kwa Tanzania, usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019.

La mwisho ni la kurudi nyumbani. Silikoni haitoki kwa maji matupu. Hata kama sherehe imekwisha saa nane usiku na miguu inauma, anza na mafuta au kiondoa mekapu, kisha sabuni ya uso, ndipo ulale.