Maelezo Kuhusu Matoleo ya Lugha ya Kompyuta ya Python na Hatima ya Programu za Zamani

Imeonekana ni vyema kuwafafanulia wasomaji, hasa wale ambao hesabu na kumbukumbu za kazi zao hutegemea programu zilizoandikwa miaka ya nyuma, kwa nini programu iliyokuwa ikifanya kazi barabara huweza kuharibika baada ya kompyuta kuwekewa toleo jipya la lugha iliyoandikiwa. Mfano ulio wazi ni wa lugha ya Python, iliyoasisiwa na Bwana Guido van Rossum wa Uholanzi na kutolewa hadharani mwaka 1991.

Tarehe 3 Disemba, 2008 lilitolewa toleo la 3.0, ambalo kwa makusudi halikuoana na yaliyotangulia. Watayarishaji walitaka kuondoa kasoro za asili, kubwa ikiwa ni namna ya kuhifadhi maandishi, ambayo iliwatatiza wanaotumia herufi zisizokuwa za Kilatini, kama vile za Kiarabu.

Mabadiliko hayo hayakuwa na uzito mmoja. Amri ya kutoa maandishi kwenye kioo sasa yahitaji mabano. Programu isiyokuwa nayo hukataliwa papo hapo, na kosa huonekana. La kuogopwa zaidi ni lile lisilojitangaza. Katika Python 2, 7 ikigawiwa kwa 2 jibu lilikuwa 3, kwani nusu ilitupwa. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Programu ya kugawa posho haitasimama wala kutoa onyo. Itaendelea kwa hesabu nyengine, na mwenye kutia saini orodha ya malipo hana habari.

Ndiyo maana wengi walibakia na Python 2. Toleo la 2.7, la mwaka 2010, lilipangwa kuachwa mwaka 2015, lakini mwaka 2014 muda ukaongezwa, na huduma ikakoma tarehe 1 Januari, 2020. Si haki kuwalaumu watumiaji peke yao kwa kuchelewa huko, kwani maktaba nyingi za programu walizozitegemea nazo zilichelewa kuhamishwa.

Tangu toleo la 3.9 la Oktoba, 2020, toleo jipya hutoka kila mwaka na kuhudumiwa kwa miaka mitano. Aidha, kinachokusudiwa kuondolewa hutolewa onyo, kwa kawaida katika matoleo yasiyopungua mawili kabla. Utaratibu huu ni bora kuliko ule wa kuvunja mengi kwa pamoja, ingawa maonyo yenyewe mara nyingi hayaonekani mpaka mtu ayaombe.

Wale ambao bado wana programu za Python 2 wanashauriwa wasitosheke kuona kuwa programu imefunguka katika toleo jipya. Waiendeshe katika matoleo yote mawili kwa hesabu za mwezi uliokwisha kukaguliwa, na walinganishe majibu tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kuliacha toleo la zamani.