Waya wa plagi, fundi wa Kipsing na somo la fizikia

Aghalabu mwenye gari kuukuu huwa na kisa kimoja anachokisimulia mpaka wasikilizaji wakamchoka. Changu ni cha Kipsing, na naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa kinawahusu walimu na wanafunzi kuliko kinavyowahusu wapenzi wa magari.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lenye milango miwili na silinda sita, la ukoo ule ulioshinda mashindano ya Safari mwaka wa 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta. Langu halijawahi kushinda chochote. Nililinunua likiwa mzoga, nikalifufua kwa mshahara wa mhadhiri, yaani kidogo kidogo.

Siku hiyo nilikuwa nikitoka Isiolo kwenda Oldonyiro kuzungumza na walimu wenzangu wa Kiswahili. Nilikuwa nimeonywa kwamba gari lililoinama hivyo si la njia ile ya vumbi na mchanga wa lagga, nami nikajibu kwa kuitaja historia ya Safari. Kabla ya kufika Kipsing injini ilianza kile ambacho mafundi wetu hukiita kumisi: inatetemeka, inakohoa, nguvu zinapungua, petroli inanuka. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi, na njia ile si ya kulala ndani ya gari.

Kipsing sikupata gereji. Nilimpata kijana anayetengeneza pikipiki za bodaboda chini ya mgunga, ambaye alikiri waziwazi kwamba hajawahi kufungua injini ya silinda sita. “Lakini mwalimu,” akasema, “hizi ni pikipiki sita zimefungwa pamoja. Tutafute ile iliyokufa.”

Akaiacha injini ikinguruma polepole, akafunga kitambaa kikavu mkononi, akawa anachomoa kofia za plagi moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Kila alipochomoa, mngurumo ulidhoofika, isipokuwa kwenye silinda ya nne. Hapo sauti haikubadilika hata chembe. Akazima injini, akabadilishana plagi ya nne na ya tano. Kosa likabaki pale pale, na plagi ikaachiliwa huru kama mshtakiwa asiye na hatia. Kisha akabadilishana nyaya zake mbili, kila mmoja kwa ncha zote mbili. Safari hii kosa likahamia silinda ya tano. “Waya huu,” akasema. “Cheche haifiki.” (Wahariri na waniwie radhi: yeye alisema “waya hii”. Neno hili limetokana na Kiingereza, nasi tumelitungia wingi wa nyaya kwa kuliiga wayo na nyayo, kwa hiyo sina haki ya kumsahihisha.)

Nami nilijua aliyeuua waya ule. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimezisafisha plagi, na kila plagi niliifikia kwa kuvuta waya wenyewe badala ya kushika kofia yake. Nyaya za aina ile ndani hazina shaba. Zina nyuzi zilizolowekwa kaboni, nazo hukatika kimyakimya huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Duka moja la vipuri jijini lilikuwa limenishauri niagize seti nzima kutoka ng’ambo kwa bei iliyokaribia nusu ya mshahara wangu, na sikuwa nimeuliza hata mara moja kama nyaya zote saba zilikuwa mbovu.

Fundi alitoa koili ya pikipiki iliyokwisha kufa, akaukata waya wake, ambao ni wa shaba. Akaifungua nati ndogo iliyo kichwani mwa plagi, kwa sababu kofia ya pikipiki hushika uzi wa chuma ulio chini ya nati hiyo. Upande wa distribyuta, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwa zamu, alihitaji ncha ya shaba nyeupe. Akaing’oa kwenye waya wangu uliokufa, akaikunjia nyuzi za shaba na kuikaza kwa koleo. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Aliniomba shilingi mia tatu.

Wakati huo wote alikuwapo mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuja nyumbani likizoni. Nilimwuliza, kwa Kiswahili, kwa nini cheche ikose kufika ilhali waya umeunganishwa. Akanikaririra kanuni ya Ohm kwa Kiingereza safi, neno kwa neno, kisha akanyamaza. Fundi ndiye aliyeendelea: moto ni kama maji ya lagga, ukiuzibia njia yake utatafuta pengine pa kutokea, na ukipata ufa kwenye ngozi ya waya utaruka hadi kwenye chuma cha injini. Kijana akafikiri, kisha akauliza: “Kama shaba inapitisha vizuri hivi, mbona magari yote yasiwekewe shaba?”

Hilo fundi hakulijua. Mimi nililijua kwa kusoma: koili huugeuza umeme wa volti 12 kuwa wa volti elfu nyingi, na kila cheche hutoa mawimbi yanayoivuruga redio. Kaboni imewekwa kwa makusudi, ili ukinzani wake uyapunguze mawimbi hayo. Kwa mara ya kwanza siku ile sote watatu tulikuwa tukifundishana.

Niliporudi Nairobi nilikwenda Barabara ya Kirinyaga nikanunua waya wa shaba kwa mita, kofia mpya za mpira, na plagi zenye ukinzani ndani yake ili redio isilalamike. Ncha za zamani nilizisugua na kuzitumia tena. Nilibadilisha waya mmoja mmoja, kila mpya ukikatwa kwa urefu wa ule wa zamani, kwani mpangilio wa moto katika injini ile ni 1-5-3-6-2-4, na anayezing’oa nyaya zote kwa pamoja atajuta. Gharama haikufika robo ya ile niliyotajiwa. Lakini magari yenye mitambo ya kielektroniki yasijaribiwe hivi, maana mawimbi ya shaba tupu huweza kuivuruga, na mengi ya kisasa hayana nyaya hizi kabisa.

Sasa nije kwa wenzangu. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila fizikia ya sekondari tumeiachia Kiingereza peke yake. Wapo wanaoniambia kwamba Kiswahili cha gereji ni cha kuombaomba: plagi, koili, silinda, kumisi. Hoja hii hainishawishi. Neno “resistance” Waingereza nao hawakuzaliwa nalo. Asili yake ni Kilatini, na hakuna anayewacheka. Sisi tuna cheche, tuna ukinzani, na plagi tumekwisha kuifanya yetu. Simwombi mwalimu abadilishe mtihani, maana hana uwezo huo. Namwomba aingie darasani na waya mmoja mbovu kutoka gereji ya jirani, pamoja na kipima ohm. Waya mzima wa kaboni utasoma ohm elfu kadhaa kwa kila futi, wa shaba utasoma karibu na sufuri, na uliokatika hautasoma kitu. Wanafunzi na waulizane sababu kwa lugha wanayogombania mpira, kisha waandike majibu kwa Kiingereza cha mtihani.

Ule waya wa pikipiki bado ninao, pamoja na kofia yake, ndani ya kisanduku cha vifaa nyuma ya kiti. Huchukuliwa na mwalimu mmoja wa fizikia kila muhula, naye bado hajachelewa kuurudisha.